Kijaluba cha dhahabu: soma mihuri kabla ya majina

Kijaluba cha ugoro cha Paris kikifika mnadani, haipiti muda kabla Madame de Pompadour, kimada wa Louis XV, mfalme wa Ufaransa, hajatajwa. Msimamo wangu ni mmoja: jina la kabaila lisipandishe bei hata senti mpaka mihuri ikubali.

Fungua kifuniko, shika kioo cha kukuza mara kumi. Kazi ya Paris ya karne ya 18 hugongwa mihuri minne. Wa sonara una ua la yungiyungi lenye taji, nukta mbili na herufi za jina lake. Wa chama cha masonara ni herufi inayobadilika kila mwaka. Miwili iliyobaki ni ya mkusanya kodi: mmoja hugongwa kazi ikiwa bado haijamalizika, wa pili kodi ikishalipwa. Herufi ya mwaka itafute kifunikoni, ubavuni na kwenye kitako. Zikiachana kwa miaka kadhaa, shuku kwamba vijaluba viwili vimeunganishwa kuwa kimoja.

Sasa mrudie Pompadour. Alifariki 1764. Muhuri wa mkusanya kodi Julien Alaterre ulianza 1768. Ukiuona, hadithi imekwisha, hata muuzaji aape. Mihuri nayo hughushiwa, kwani mafundi wa Hanau, Ujerumani, walikuwa wakigonga alama za kuigiza zile za Paris.

Hata zawadi ya mfalme haithibitishi mengi. Mabalozi wengi waliotunukiwa kijaluba na mfalme walikirudisha kwa sonara, wakachukua fedha taslimu, na kijaluba kilekile kikatolewa tena kwa mgeni mwingine.

Kinachojitetea chenyewe ni kijaluba cha Duke de Choiseul, waziri wa Louis XV, kilichoko Louvre, jumba la makumbusho la Paris. Louis Roucel alikitengeneza 1770–1771, na Louis-Nicolas van Blarenberghe akachora vyumba vya nyumba ya Choiseul, rue de Richelieu, kwenye picha ndogo zilizofunikwa kwa vioo ndani ya fremu ya dhahabu. Urefu wake ni kama sentimita 8 tu, lakini michoro iliyotundikwa ukutani mle inatambulika mmoja mmoja, na inaweza kulinganishwa na mali alizouza Choiseul 1772. Desemba 1770 mfalme alikuwa amemfukuza kazi na kumpeleka Chanteloup, kwenye shamba lake, kwa hiyo ni vyumba vya mtu aliyeporomoka. Hati ya namna hiyo haipatikani kwa dalali.

Ukinunua kimoja, kague enameli (rangi ya kioo iliyochomwa juu ya dhahabu) chini ya mwanga wa urujuanimno (UV); viraka vya rangi ya baridi, yaani isiyochomwa, mara nyingi hung'aa tofauti na enameli ya tanuri. Kikiwa na picha chini ya kioo, usikioshe kwa maji wala kukitia kwenye mashine ya kusafishia kwa mitetemo. Unyevu hupenya ukingoni, rangi ikababuka. Na bawaba ikilegea usiibane kwa koleo: mirija yake ni myembamba, na ikishabonyea kifuniko hakikai tena sawa.