Kirusi kimoja, kwa nini huyu anapona na yule analazwa?

Mafua yakiingia chumba cha kupanga pale Bwaise, Kampala, nyumba nzima inakohoa. Baba anapiga chafya siku tatu na yamekwisha. Mtoto wa miezi minne anapata nimonia na kuishia kwenye oksijeni. Wapo wanaosema ni mwili aliozaliwa nao mtu, wengine wanalaumu moshi, msongamano na chakula.

Upande wa mwili una hoja nzito. Njia ya hewa ya mtoto yenye upana wa milimita 4 ikivimba milimita 1 kila upande, inabaki na milimita 2, na ugumu wa kupitisha hewa unapanda mara 16. Kwa mtu mzima mwenye njia ya milimita 8, uvimbe huo huo unauzidisha mara 3 hivi. Mtoto mwenye selimundu ana tatizo jingine: wengu, unaochuja bakteria wa nimonia kwenye damu, huharibika mapema. VVU navyo hupunguza askari wa mwili. Hata mtu aliyeonekana mzima huenda ana kasoro iliyojificha: mwaka 2020 ilibainika kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 10 wa UVIKO-19 kali alikuwa na kingamwili zinazoshambulia interferoni zake mwenyewe, yaani kengele ya mwili dhidi ya virusi.

Kwa upande wa mazingira, moshi wa kuni na mkaa hulemaza vinyweleo vya ndani ya njia ya hewa, vinavyosukuma makohozi nje. Hilo halina ubishi. Hata hivyo, majiko bora yaliyojaribiwa Malawi hayakupunguza nimonia ya watoto, na utafiti wa gesi ya kupikia katika nchi nne, Rwanda ikiwemo, haukuonyesha kushuka kwa uhakika kwa nimonia kali ya wachanga. Moshi ni sumu na jikoni pawe na hewa, ila anayeahidi kwamba mtungi wa gesi peke yake utazuia nimonia anaahidi kisichothibitishwa. Ningeweka mbele maziwa ya mama na chanjo ya PCV dhidi ya bakteria wa nimonia, iliyoanza Uganda mwaka 2013 na hutolewa wiki ya 6, 10 na 14. Utapiamlo nao unadanganya: mtoto aliyedhoofu anaweza kuwa na nimonia bila homa.

Kinachosahaulika na pande zote mbili ni muda. Mtoto dhaifu akiwahiwa anaweza kupona; mwenye nguvu akicheleweshwa anaweza kufa. Mtoto akiwa ametulia, hanyonyi wala halii, mpandishe nguo kifuani uhesabu pumzi dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 unaweza kukosea, maana pumzi za mchanga hazina mpangilio. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Mhudumu wa afya wa kijiji (VHT) huwa na amoksilini ya kuyeyusha: kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, kidonge 1 cha miligramu 250 asubuhi na jioni, siku 5. Wengi hupoteza siku mbili kwa dawa ya kikohozi ya dukani, au huacha vidonge homa ikishuka.

Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, akishindwa kunyonya, au akiwa chini ya miezi 2 na pumzi zimefika 60, usisubiri asubuhi. Mpeleke kwenye kituo chenye oksijeni, na kama anaweza kunyonya, anyonyeshwe njiani.