Hisa Zimepanda: Uuze, Ushike, au Uuze Kiasi?

Hisa za benki zilipoanza kupanda kwa kasi, swali moja lilizuka katika vikundi vya uwekezaji hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Raskazone: niuze sasa nivune faida, au nishike? Kambi mbili zikajitokeza. Ya kwanza inasema faida ambayo haijaingia mfukoni bado si faida. Ya pili inasema anayeuza mali inayozaa atakuja kuililia. Kila kambi ina hoja nzito, na marafiki wamenuniana kwa ajili ya jambo hili. Mimi naona wengi wanaanza kwa kuangalia bei imefika wapi, wakati kinachopaswa kuamua ni pesa hiyo ina kazi gani, itahitajika lini, na ikitoka hapo inakwenda wapi.

Nianze na wanaoshika, kwa kuwa miaka ya karibuni imewapa nguvu. Benki ya CRDB ilipouza hisa kwa umma mwaka 2009, bei ilikuwa shilingi 150. Baadaye kuna miaka hisa ile ilishuka chini ya hapo, na waliokata tamaa wakaiuza kwa hasara. Mwishoni mwa 2024 ilikuwa imepita shilingi 600. Gawio (sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa) la mwaka 2023 lilikuwa shilingi 50 kwa hisa, la mwaka 2024 shilingi 65. Kwa hiyo aliyenunua kwa 150 akatulia, magawio hayo mawili peke yake yamemrudishia shilingi 115 kabla ya kodi, na hisa zake zote bado anazo. Ukimwambia avune faida, atakujibu kwamba anavuna kila mwaka.

Kodi nayo haimharakishi. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam hukatwa asilimia 5, na mwekezaji mdogo mkazi akiuza hisa hizo kwa faida hatozwi kodi ya ongezeko la mtaji. Dalali wa soko, hata hivyo, lazima alipwe. Kwa miamala midogo, ada zote za kuuza hufika karibu asilimia 2, na ukinunua tena unalipa tena. Anayeingia na kutoka kila bei inapotikisika anajikuta anamfanyia kazi dalali. Bandu bandu huisha gogo.

Hoja ya kushika inaanza kulegea pale mtu anapoendelea kupigia hesabu ile 150. Bei hiyo ilishapita na haina kazi tena. Tuseme mali yake sasa ni hisa ya shilingi 650 inayotoa gawio la 65, yaani asilimia 10. Swali la haki ni hili: kama angekuwa na shilingi 650 mkononi asubuhi hii, angeipeleka kwenye hisa hiyohiyo? Pengine ndiyo, kwa sababu benki inakua na gawio linaweza kuongezeka. Pengine hapana. Ila asijibu kwa kusema "mimi nilinunua kwa 150."

Jambo la pili linaloilegeza hoja hiyo ni uzito. Mtu aliyeanza na theluthi moja ya akiba yake kwenye hisa za benki moja, zikipanda mara nne huku vingine vimelala, anajikuta theluthi mbili ya kila alichonacho iko mahali pamoja. Hakuamua hivyo, bei ndiyo iliyomwamulia. Na mji huu una historia ya kutegemea kitu kimoja. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, ukaifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na miaka ya 1960 uzalishaji ulipita tani 200,000 kwa mwaka. Kisha kamba za nyuzi za viwandani zikaja, bei ikaporomoka, mashamba yakataifishwa, na miji midogo iliyoishi kwa mkonge ikanyamaza. Waliokuwa na mkonge peke yake hawakuwa wajinga. Walikuwa wameshika kitu ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kimewalipa vizuri.

Kwa sababu hiyo nina wasiwasi zaidi na mfanyakazi wa kiwanda ambaye mshahara wake, mkopo wake na hisa zake vyote vinatoka kwa mwajiri mmoja. Pongwe kuna kiwanda cha Tanga Cement, ambacho hisa zake zipo sokoni tangu 2002. Mwaka 2021 Scancem, kampuni ya kundi la Heidelberg, ilitangaza kununua asilimia 68.33 kutoka AfriSam. Septemba 2022 Baraza la Ushindani, linalosikiliza rufaa za ushindani wa biashara, likaufuta uamuzi wa kuruhusu ununuzi huo, na ununuzi wenyewe ulikuja kukamilika mwishoni mwa 2023. Kwa muda wote huo mwanahisa mdogo alikuwa anasubiri maamuzi ya watu wengine. Mtu ambaye chakula cha nyumbani kwake kinatoka kampuni hiyohiyo ana sababu ya kupunguza hisa zake mapema, hata kama ana imani nayo kabisa.

Kwenye hatifungani, yaani hati za mkopo unaoipa Serikali au taasisi kwa riba, ndiko kuvuna faida kunakodanganya zaidi. Mwaka 2021 Serikali ilianza kutoa hatifungani ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Aprili 2022 viwango vikashushwa, na ile mpya ya miaka 25 ikatoka na asilimia 12.56. Papo hapo zile za zamani zikawa lulu. Tuchukulie mwalimu mstaafu wa Chumbageni aliyeweka milioni 10 kwenye ile ya kwanza. Kila miezi sita anapokea 797,500, sawa na 1,595,000 kwa mwaka. Mnunuzi anayeridhika na asilimia 12.56 anaweza kumlipa karibu milioni 12.5 kwa hatifungani hiyo. Faida ya milioni 2.5 ndani ya mwaka mmoja! Nani asingeshawishika?

Lakini fuata pesa zinakokwenda. Akizichukua zote milioni 12.5 akanunua hatifungani mpya ya asilimia 12.56, atapata 1,570,000 kwa mwaka, chini kidogo ya alichokuwa anapata mwanzo, ingawa mtaji atakaorudishiwa mwisho ni mkubwa zaidi. Toa ada, na amebaki karibu palepale. Akila ile milioni 2.5 na kurudisha milioni 10 tu, mapato yake yanashuka hadi 1,256,000, pungufu la 339,000 kila mwaka kwa zaidi ya miaka ishirini. Ile faida ilikuwa riba yake ya miaka ijayo, aliyolipwa kwa mkupuo. Kama ana deni la riba kubwa, au paa linavuja, kuichukua mapema ni uamuzi wa busara. Kama ni kwa ajili ya kununua gari, amejipunguzia pensheni.

Wanaouza wana jibu hapa, na lazima niliseme. Miaka michache baadaye viwango vya hatifungani ndefu vilirudi juu ya asilimia 15. Aliyeuza kwa bei kubwa mwaka 2022, akatunza pesa kwenye uwekezaji wa muda mfupi, kisha akanunua viwango vilipopanda, alitoka na faida ya kweli. Ninachokataa ni kuufanya huo kuwa mpango wa mtu wa kawaida. Mwaka 2022 hakuna aliyekuwa na hakika viwango vingerudi, na mstaafu anayesubiri bila riba nzuri anaendelea kula kila siku.

Hatifungani ya kijani (ya miradi inayojali mazingira) ya mamlaka ya maji ya hapa kwetu, Tanga UWASA, iliyotolewa Februari 2024 kutafuta shilingi bilioni 53.12, ina hesabu hiyohiyo: miaka 10, riba ya asilimia 13.5. Anayehitaji mtaji wake kabla ya 2034 lazima aupate kwa kuuza sokoni, kwa bei ya siku hiyo. Wapo pia wenzetu wasiogusa riba kwa sababu ya dini, na kwao hatifungani na hisa za benki hazimo kabisa. Swali la kuuza linabaki kwenye hisa za kampuni nyingine na sukuku, yaani hati za uwekezaji zinazofuata misingi ya Kiislamu bila riba.

Sasa ugumu wa soko letu. Bei unayoiona kwenye simu ni ya muamala wa mwisho, wala haina ahadi kwamba kuna mtu anasubiri kununua zako. Hisa za TBL, kampuni ya bia, zilikaa kwenye shilingi 10,900 kwa miaka, si kwa sababu thamani ya kampuni haikubadilika, ila kwa sababu miamala ilikuwa haba. Ndiyo maana nakubaliana na wanaouza kwa jambo moja kubwa: wanunuzi wanapojaa, ndio wakati wa kupunguza. Anayengoja mpaka ada ya shule ya Januari imkabe shingoni anauza kwa bei ya mnunuzi.

Kwa mwenye theluthi mbili ya akiba kwenye hisa za benki moja, ningemshauri auze kidogo kidogo ndani ya miezi kadhaa, kwa bei anayoitaja mwenyewe kwa dalali, mpaka hisa hizo zirudi kwenye theluthi moja aliyoianza. Pesa atakazohitaji ndani ya miaka mitatu ziende mahali anapoweza kuzitoa ndani ya siku chache, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT, taasisi ya Serikali ya uwekezaji wa pamoja. Zilizobaki azishike, na aandike kwenye daftari sababu ya kuzishika, ili mwakani aone kama sababu bado ipo au kimebaki kiburi tu.

Mwenye kiwanja ana kazi ngumu zaidi. Tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, liwekwe Chongoleani Agosti 2017, watu wamenunua ardhi upande ule kwa kutarajia bei. Kiwanja hakiuzwi robo ili kulipa hospitali. Kama kimeshakuwa sehemu kubwa ya mali yako na unajua mwaka utakaohitaji pesa, anza kutafuta mnunuzi mwaka mmoja kabla, hati ikiwa mkononi na mipaka imepimwa, hata kama jirani anakuambia bei bado itapanda.