Bach wa Glenn Gould: uhuru wa mpigaji uishie wapi?

Juni 1955, mpiga piano wa miaka 22 kutoka Toronto, Glenn Gould, aliingia studio ya Columbia katika Mtaa wa 30 jijini New York, jengo lililowahi kuwa kanisa, akarekodi Goldberg Variations ya mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach. Kazi hiyo ilichapishwa 1741 kwa ajili ya hapsikodi, ala ya vibao iliyotangulia piano, yenye safu mbili za vibao: aria ya taratibu, yaani wimbo wa kufungulia, kisha vipande 30 vilivyosimama juu ya besi ileile, kisha aria inarudi. Santuri ilipotoka mwaka uliofuata ilimtangaza duniani. Ikazua pia ubishi ambao haujaisha: tunachosikia ni Bach, au ni Gould?

Wanaomlaumu hawasemi ovyo. Bach aliweka alama kwamba kila nusu ya kila kipande irudiwe. Gould aliziruka zote, na kazi nzima ikaisha kwa dakika 38 hivi. Vipande vya haraka anavipeleka mbio kiasi kwamba sikio linabaki nyuma. Pedali, ile ya kukanyagwa ili sauti ibaki ikivuma, haigusi ila kwa nadra, kila nota inakatwa na kusimama peke yake. Juu ya yote hayo, sauti yake mwenyewe inasikika akiimba chinichini.

Lakini tuangalie karatasi yenyewe ya Bach. Katika vipande hivyo 30, ni vichache mno vyenye neno lolote la kueleza mwendo. Hapaelezwi wapi pakazwe taratibu na wapi palegezwe, kwa sababu hapsikodi haibadiliki nguvu kwa uzito wa kidole. Ni kama shairi la kuimbwa lililofika mikononi mwa mghani bila mahadhi: maneno hayaguswi, ila lazima mahadhi yatoke kwake. Anayepiga muziki huu kwa piano, hata awe mnyenyekevu namna gani, ameshafanya maamuzi ambayo Bach hakuyafanya. Hata Wanda Landowska, aliyeurekodi kwa hapsikodi mwaka 1933, alitumia ala ya kiwanda cha Pleyel, nzito na ya kisasa, ambayo Bach asingeitambua.

Kwa hiyo swali langu si kama Gould alikuwa huru. Nauliza uhuru wake unanisikilizisha nini. Jibu liko wazi kwenye zile kanoni, vipande ambavyo sauti moja inaifuata nyingine kwa wimbo uleule. Kwa wapigaji wengi wenye pedali nzito, sauti ya kati humezwa. Kwa Gould unaweza kuifuata tangu mwanzo hadi mwisho, na mkono wa kushoto unasema sawasawa na wa kulia. Hayo hakuyabuni. Yapo kwenye nota. Ukavu wa vidole vyake ndio unaoyafichua.

Mwaka 1981 alirudi studio ileile, safari hii kwa piano ya Yamaha, akairekodi kazi hiyo upya. Aria iliyokuwa imechukua chini ya dakika mbili sasa ilizidi tatu, na kazi nzima ikafika dakika 51 hivi. Wapo wanaoona hapo ushahidi wa mtu anayefuata matakwa yake tu. Mimi nasikia kinyume. Katika rekodi ya pili mapigo ya kipande kimoja yanazaa mapigo ya kinachofuata, na kazi nzima inashikana kwa namna ambayo kijana wa 1955 hakuijali. Jambo la kushangaza, kipande cha 25, chenye huzuni kuliko vyote, kilikuwa cha polepole zaidi katika rekodi ya ujana. Gould mwenyewe alikuja kukilaumu kwamba kinafanana na nokturni, kile kipande cha piano chenye hisia za usiku, ya mtunzi Chopin. Nakubaliana naye.

Alama za kurudia ndipo ninapowapa haki wapinzani wake. Hata 1981 alirudia sehemu chache tu. Mpiga piano Víkingur Ólafsson wa Iceland, katika rekodi yake ya 2023, anarudia zote, na mara ya pili anabadilisha rangi ya sauti. Ukimsikiliza unaona wazi kwamba Gould aliacha kitu cha thamani.

Utetezi huu wa Bach hauwezi kuhamishiwa kwa Beethoven. Sehemu ya kwanza ya Appassionata, sonata yake (kazi ya piano yenye sehemu kadhaa), imeandikwa Allegro assai, yaani haraka hasa. Gould, katika rekodi ya 1967, aliikokota hadi ikapoteza moto wake. Hapo mtunzi hakuacha pengo la kujazwa. Alisema anachotaka, na mpigaji akampuuza. Sisikii sauti iliyofichuliwa, nasikia kazi iliyozimwa.

Mozart ananitatiza zaidi. Gould hakuficha kwamba hakumpenda sana, ila alirekodi sonata zake zote za piano. Katika sehemu ya kwanza ya ile ya A meja, namba K. 331 katika orodha ya kazi za Mozart, ambayo ni wimbo unaofuatwa na vipande vinavyoubadilisha, anaanza polepole ajabu, halafu kila kipande kinaongeza mwendo, kiasi kwamba hata kile ambacho Mozart aliandika Adagio, yaani polepole, kinapita kwa haraka. Kwa kipimo nilichokitumia kwa Beethoven, hili ni kosa. Hata hivyo namsikiliza hadi mwisho, kwa sababu ule mwendo unaopanda hatua kwa hatua unaunganisha vipande ambavyo mara nyingi husikika kama vimepangwa tu kando kwa kando. Siwezi kusema ndivyo Mozart alivyotaka. Anayeanza kuzijua sonata hizi ningemshauri amsikilize kwanza mpigaji mwingine, ayajue maandishi ya Mozart, ndipo aje kwa Gould. Kwa Bach simpi sharti hilo: aanze moja kwa moja na rekodi ya 1981.