Kutafiti uraibu mahali ambapo kila mtu anakujua

Fomu za maadili ya utafiti zina swali ambalo kila mwanafunzi wa uzamivu hulijibu bila tabu: taarifa zako utazihifadhi wapi? Jibu tunalo tangu siku ya kwanza. Kabati lenye kufuli, kompyuta yenye nywila, majina yageuzwe namba, sauti zifutwe baada ya muda fulani. Nami niliandika hivyo hivyo, na kamati ikapitisha. Swali ambalo sikuulizwa, na ambalo kwa hapa Unguja ndilo zito kuliko yote, ni hili: utakaa wapi na mtu huyo, na nani atapita awaone?

Ninasomea uraibu wa heroini. Nimezaliwa Ng'ambo, upande wa mji wa Unguja ulio nje ya Mji Mkongwe, skuli nimesoma hapa hapa, na watu ninaowatafiti ni watu wa mitaa niliyokulia. Kadiri ninavyoendelea na kazi hii ndivyo ninavyoamini kwamba kanuni za siri tunazofundishwa zimetungwa kwa miji ambayo mtu anaweza kupotea ndani yake, na kwamba ni wajibu wa vyuo na kamati zetu kutunga zinazofaa visiwani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima. Ni wengi, lakini hapa mtu hatambulikani kwa jina tu. Anatambulikana ni mtoto wa nani, mjukuu wa nani, mamake anauza nini, amemuoa nani na wameachana lini. Ukiandika "kijana mmoja wa Jang'ombe, seremala, aliyefiwa na mke, aliyekaa mara mbili soba, nyumba ya kuachia dawa za kulevya", hata ukimpa namba badala ya jina umeshamtaja.

Chukua methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini. Ni dawa nzuri, na mimi ni mtetezi wake. Madaktari Dole na Nyswander walichapisha matokeo yao New York mwaka 1965, na hadi leo msingi ni ule ule: dawa inakaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo dozi moja kwa siku inamzuia mtu asipate arosto, yale mateso ya mwili ya kukosa heroini, na inampa nafasi ya kuishi. Bara ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na hapa kwetu ikafuata miaka michache baadaye, Kidongo Chekundu. Mteja anakuja kila siku, anainywa mbele ya mhudumu, anaondoka. Huko New York mtu hupanga foleni na watu wasiomjua. Hapa anayeshuka Kidongo Chekundu anajulikana anakwenda wapi, maana jina la mahali hapo kila Mzanzibari amelisikia tangu utotoni, likihusishwa na hospitali ya wagonjwa wa akili. Jirani anahitaji utondoti gani zaidi ya huo? Anayeteremka pale kila asubuhi ameshasomwa. Na mimi nikisimama naye nje, nimetia muhuri.

Mzigo mkubwa zaidi unatoka kwa kina mama. Nikienda harusini, nikienda kuhani msiba, nikipanda boti kwenda Dar es Salaam, hakosi mama mmoja wa kunisogelea. Atanishika mkono, ataniuliza habari za nyumbani, za mama, za watoto, atazimaliza zote, halafu atashusha sauti: "Mwanangu, wewe si uko kule Kidongo Chekundu? Yule kaka yako unamuona? Anakunywa dawa yake?" Kaka yangu huyo ni mwanawe. Mama huyu ameshauza dhahabu zake, ameshampeleka mtoto kwa masheikh kusomewa, ameshakesha dirishani akisikiliza mlango. Anachotaka kwangu ni neno moja tu la kumpa usingizi.

Njia inayokuja haraka kichwani ni hii: kama mtoto hayupo, mwambie hayupo, kama yupo, mwambie huruhusiwi kusema. Hapo siri imeshatoka, maana haitachukua muda mtaa mzima utajua kwamba nikikataa kusema, mtu yupo. Kwa hiyo jibu ni lazima liwe moja kwa kila anayeuliza, hata kwa mama ambaye mwanawe sijawahi kumtia machoni. "Bi mkubwa, mimi huko simtaji ninayemuona wala nisiyemuona. Muulize mwenyewe, na ukitaka nitakuelekeza pa kupata ushauri." Wengine hunielewa. Wengine huondoka wakiamini elimu imenitia kiburi, na maneno humfikia mama yangu mzazi kwamba binti yake siku hizi hasemeki. Inaniuma, na bado naona ndilo jibu la haki. Hakuna kitabu cha mbinu za utafiti nilichopewa kilichonitayarisha kwa hilo, na ni jambo ambalo msimamizi angeweza kunifundisha kwa nusu saa kabla sijaingia mtaani.

Sheha naye, kiongozi wa serikali katika shehia, yaani mtaa, ana swali lake. Barua ya kibali ni lazima ipite kwake, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu shehia ni yake na likitokea jambo ataulizwa yeye. Lakini sheha mwenye nia njema kabisa anaweza kukwambia: "Sawa, basi niletee orodha ya hao vijana ili niwajue." Anafikiria usalama wa watu wake. Mimi nafikiria kwamba orodha ikishakuwa mezani kwake, polisi jamii wataiona, na wiki ya pili hakuna kijana atakayekuja kuzungumza nami. Huwa nampa hojaji aisome yote mbele yangu, nampa namba ya kamati iliyonipa kibali, orodha simpi. Mpaka leo hakuna aliyenifukuza. Wakielezwa vizuri wanakubali, ila unatakiwa uende kwao mapema, ukae, unywe kahawa, usiende na karatasi mkononi kama mtu wa kudai kodi.

Cha kushangaza ni kwamba huku kujuana ndiko kunakoifanya kazi yetu iwezekane. Mwaka 1997 mwanasosholojia wa Marekani, Douglas Heckathorn, alieleza njia ya kuwapata watu wasio na orodha: unaanza na wachache, unawapa kuponi wawape wenzao, wenzao wanakuja na kuponi wanapewa za kwao, na mnyororo unaendelea. Njia hiyo imetumika hapa kwa watu wanaojidunga dawa za kulevya, mwaka 2007 na tena 2012. Maambukizi ya VVU kati yao yalikutwa asilimia 16.0 mara ya kwanza na asilimia 11.3 mara ya pili, katika nchi ambayo kwa watu wazima wote kwa jumla maambukizi yako chini ya asilimia 1. Bila takwimu hizo nani angekubali kwamba ndugu zetu hawa wana haki ya huduma ya peke yao? Siri isiwe kisingizio cha kutotafiti. Anayesema "tuwaache, tutawaaibisha" anawaacha wafe kimyakimya.

Na bila vijana waliopata nafuu hakuna utafiti kabisa. Nyumba za soba zimekuwepo hapa tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, na waliopitia humo ndio wanaojua maskani ipi, yaani kijiwe cha watumiaji, inaingilika, saa gani watu wametulia, saa gani mzigo umechelewa na kila mtu ana hasira. Tunawaajiri kama wasaidizi wa utafiti, tunawaandika kwenye shukrani, basi. Lakini mtu aliyeacha unga, yaani heroini, ukimrudisha kwenye harufu ya unga unaochomwa, ukamwonesha bomba la sindano na kete, kile kifurushi kidogo cha unga, mwili wake unakumbuka kabla akili haijasema kitu. Hilo limetafitiwa kwa miaka mingi na halina ubishi. Mimi nimeweka sharti: msaidizi haingii maskani peke yake, na siku ya kazi haiishii maskani, inaishia kwenye mkutano wa wenzake. Muda huo nao nauhesabu kuwa ni kazi na naulipia. Niliambiwa bajeti hairuhusu kifungu cha namna hiyo. Nikapunguza idadi ya mahojiano.

Sasa tuje kwenye ridhaa, ambayo kwenye karatasi ni sahihi na tarehe. Asubuhi moja alikuja mtu wa makamo, akakaa kwenye mkeka, akauvuta mgongo ukutani. Alipiga miayo mfululizo. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kulia, kamasi anaifuta kwa ukingo wa shati, vinyweleo vya mikono vimesimama ilhali jua lilikuwa kali, na mkono mmoja hakuutoa tumboni. "Nipe nisaini, dada, tuanze," alisema, kabla sijamweleza utafiti unahusu nini. Alikuwa kwenye arosto na alishasikia kwamba tunatoa nauli. Mtu wa namna hiyo atasaini chochote. Nilifunga daftari, nikampa nauli yake, nikamwomba aje siku nyingine akiwa mzima. Alikasirika, akasema nimemdharau. Siku aliyorudi alizungumza kwa utulivu, na mengine ya siku hiyo ni yake.

Kuna wanaosema nauli nisimpe, kwamba pesa itakwenda kwenye kete. Nalisikia hilo kutoka kwa watu wanaolipwa posho ya kikao na hakuna anayewauliza wameitumiaje. Mtu amenipa saa mbili za maisha yake, amenieleza mambo ambayo mkewe hayajui. Kumnyima nauli na pesa ya chai kwa sababu ni mraibu ni kumfanya mtoto. Kiwango kiwe kidogo, kiwe sawa kwa wote, kisimvute mtu kuja akiwa hataki. Lakini apewe mkononi kama anavyopewa mtu mzima mwengine.

Sahihi zenyewe nimeziacha. Ridhaa ninaichukua kwa mdomo, ninaweka sahihi yangu mimi kwamba nimesoma maelezo na mtu ameelewa. Jina la mtu kwenye karatasi, hata ikiwa ndani ya kabati, ni jina la mtu kwenye karatasi. Na mahojiano nayaandika mwenyewe kutoka kwenye sauti, usiku, kwa sababu kijana yeyote wa mjini nitakayemlipa anifanyie kazi hiyo anaweza kuitambua sauti ya mtu wa baraza ya pili. Kazi hiyo imenila miezi. Ratiba ya uzamivu wa miaka mitatu haikuihesabu, na barua za kukumbushwa kwamba nimechelewa zinakuja kama kawaida.

Wanawake ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Kwenye tafiti zile za kuponi karibu wote waliohojiwa walikuwa wanaume, na si kwa sababu wanawake hawatumii. Mwanaume akitumia unga watu husema ameharibika. Mwanamke huondolewa hata utu wake, na watoto huchukuliwa. Anajificha, na akijitokeza wako wachache mno kiasi kwamba ukitaja umri na idadi ya watoto ameshajulikana. Nimekutana nao mahali ambapo wanawake huingia kila siku na hakuna wa kushangaa. Sitapataja hapa wala kwenye tasnifu, ingawa najua mtahini ataniuliza, na ana haki ya kuuliza kwa sababu sayansi inataka njia ielezwe.

Hapo ndipo ugomvi wangu na taratibu unapokuwa mkubwa. Tunasifiwa kwa maelezo yenye uzito: mtaa, kazi, familia, historia. Sura yangu ya wanawake ilirudishwa na maoni kwamba wahusika "hawaonekani vizuri". Nimewatoa mtaa, nimewatoa kazi, kuna mmoja ambaye nimeitoa hadithi yake nzima, na ilikuwa hadithi iliyobeba hoja yangu kuliko zote. Nadhani nilifanya sawa. Kubuni maelezo mengine mahali pa yale ya kweli siwezi, huo utakuwa uongo. Bora pabaki pengo, na niseme wazi kwamba hapa pana pengo na nimeliacha kwa makusudi. Ninaomba watahini wetu wakubali pengo la namna hiyo bila kulihesabu kuwa ni udhaifu wa mwanafunzi.

Zamani tasnifu ilikuwa inakaa rafuni maktaba, ikasomwa na watu wanne. Siku hizi inawekwa kwenye intaneti, na mtu yeyote aliyekaa barazani na simu yake anaweza kuifungua, akatafuta jina la mtaa wake, akaanza kukisia. Vyuo vina utaratibu wa kuizuia tasnifu isitoke kwa muda, na kawaida hutumiwa kulinda mambo ya biashara na uvumbuzi. Nimeomba sura mbili za kwangu zizuiwe kwa miaka mitano, takwimu na muhtasari vitoke mara moja, na matokeo niyapeleke kwa mdomo soba na kliniki kabla ya kuyapeleka kwenye jarida lolote. La kupeleka matokeo limekubaliwa. La kuzuia sura mbili bado. Nimeambiwa niandike sababu kwa urefu zaidi, nami ninaziandika.