Tatizo halikuwa kuwaamini watu
Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema Ujamaa ulikufa kwa sababu Nyerere aliwaamini binadamu kupita kiasi, kana kwamba mkulima akipewa shamba la pamoja lazima atege kazi. Mimi naona kinyume chake. Litowa, kule Songea, watu walianza kulima pamoja kwa hiari mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla hata ya Azimio la Arusha la 1967 lililoutangaza Ujamaa kuwa sera ya nchi. Vijiji vingine vikafuata, wakaunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, wakawa na shule na mashine yao ya kusaga, na mambo waliyaamua wenyewe kikaoni. Nani alikivunja mwaka 1969? Si wategaji, ni TANU yenyewe, chama tawala cha Nyerere! Wakubwa hawakupenda wanakijiji wanaojiamulia. Kufika 1973 kuhamia vijijini kukawa amri, watu wakasombwa kwa malori, wengine nyumba zao zikachomwa. Hapo imani kwa watu iko wapi? Mtu aliyeswagwa na mgambo akilima kwa kinyongo, eti tabia ya binadamu ndiyo imeshindwa! Wazee wa Ruvuma mliomo humu, au watoto wao, mashamba yale ya pamoja yaliishia mikononi mwa nani?