Cleveland inatafuta kwotabeki tangu 1999 na hakuna wa kumuuliza

Kila nikiongea na watu nyumbani lazima atokee mmoja aniambie "nyie wenzetu huko kila kitu kina mpango", hasa Simba au Yanga ikiwa imepoteza na mashabiki wameshaanza kumtaka kocha afunge virago. Mimi naishi Cleveland, Ohio, huku kuna timu ya mpira wa Kimarekani inaitwa Browns, na leo naomba niliseme hili wazi kabisa. Kama unataka kuona watu wenye hela zote, vifaa vyote, wachambuzi wa takwimu wamejaa ofisini, na bado kitu kimoja kinawashinda zaidi ya miaka 25, iangalie hii timu inavyohangaika kupata kwotabeki.

Kwa ambao hamfuatilii, kwotabeki ndo anapewa mpira kila shambulizi linapoanza, anasoma wapinzani wamejipangaje, anaamua aurushe kwa nani au ampe mwenzake akimbie nao, na yote hayo ayafanye ndani ya kama sekunde tatu kabla majamaa ya kilo 130 hayajamfikia kumlaza chini. Ukimkosa huyo hata uwe na ulinzi mzuri vipi hufiki mbali. Sasa Browns tangu 1999 wameshaanzisha makwotabeki zaidi ya 40. Kulikuwa na jezi ya Tim Couch, namba 2, imetundikwa kwenye dirisha moja katikati ya mji, kila akianza mtu mpya jina lake linaandikwa kwenye teipu na kubandikwa chini ya lililopita, mpaka majina yakashuka kama orodha ya waliofeli mtihani.

Huyo Couch ndo wa kwanza, 1999 walimchagua namba moja kwenye drafti, yani zoezi la kila mwaka ambapo timu zinachagua vijana wapya kwa zamu, raundi baada ya raundi, kijana mdogo, wakamweka mbele ya timu ambayo haikuwa na watu wa kumlinda. Msimu wake wa kwanza tu kaangushwa na mpira mkononi mara 56. Baadaye bega likaisha na watu wakasema hana uwezo. Mimi hapo siwezi kukubali, yani mtu umempeleka vitani bila ngao halafu unamlaumu kwa majeraha?

Na wamerudia hivyo hivyo miaka yote. 2004 walimpita Ben Roethlisberger, mtoto wa hapa hapa Ohio, akachukuliwa na majirani zao Pittsburgh, akakaa misimu 18, akabeba Super Bowl, ndo ubingwa wa ligi, mara mbili na kila mwaka akawa anarudi kuwafunga. 2007 Brady Quinn, 2012 Brandon Weeden ambaye alikuwa na miaka 28 tayari, 2014 Johnny Manziel, wote raundi ya kwanza na wote ndani ya misimu michache hawapo. 2016 wakashinda mechi moja, 2017 hawakushinda hata moja, 0 kwa 16. Mashabiki Januari 2018 wakafanya maandamano kwenye baridi kali, wakauzunguka uwanja ili njia yao itengeneze sifuri. Na kocha Hue Jackson, mechi 32 ushindi mmoja, msimu uliofuata bado alikuwepo kazini. Nyumbani Robertinho alifungwa na Yanga 5-1 Novemba 2023 na haikuisha wiki Simba wakawa wameachana naye. Sisemi kufukuza kocha kwa mechi moja ni sawa, sio sawa, ila nataka mwone tofauti ya nani anaogopa nini.

Kinachoniuma zaidi ni Baker Mayfield maana huyu walimpata. 2018 namba moja kwenye drafti, kaingia kutokea benchi dhidi ya Jets na timu ikashinda kwa mara ya kwanza baada ya siku 635. Ndani ya miaka mitatu kapitia makocha wakuu wanne, na bado Januari 2021 kawapeleka Pittsburgh wakashinda 48-37 kwenye mtoano, ushindi wa kwanza wa hatua hiyo tangu Januari 1995. Msimu uliofuata kacheza bega limechanika, kiwango kikashuka, wakamwona hafai. Kaenda zake, na baadaye kwenye timu ya Tampa Bay akawa mtu mwingine, kashinda kundi lao 2023 na 2024.

Badala yake wakamleta Deshaun Watson, 2022, wakatoa chaguo tatu za raundi ya kwanza na mkataba wa dola milioni 230 zote za uhakika, acheze asicheze. Na huyu wanawake zaidi ya 20 walikuwa wamemfungulia madai ya udhalilishaji wa kingono. Yeye alikana, kesi nyingi zikaisha kwa makubaliano, ligi ikamfungia mechi 11. Kazini kwetu kuna mama mmoja, shabiki tangu utotoni, tiketi za msimu walizirithi kwa baba yao, alizirudisha mwaka ule ule na jezi zote akatia kwenye mfuko mweusi akapeleka kwenye nguo za msaada. Alisema hawezi kumshangilia huyo mbele ya mabinti zake. Watson katika misimu mitatu kacheza mechi 19 tu, kisha msuli wa kisigino ukakatika. 2025 wakachukua vijana wawili kwenye drafti moja, Dillon Gabriel na Shedeur Sanders, msimu ukaanza na mzee Joe Flacco, Oktoba wakamweka benchi wakajaribu Gabriel, Flacco wakamuuza, Novemba wakaja kwa Sanders.

Sasa swali langu, haya yote nani kayalipia? Wachezaji na makocha wanaondoka, mmiliki yupo pale pale. Jimmy Haslam aliinunua hii timu 2012 kwa kama dola bilioni moja na leo inakadiriwa kuzidi bilioni 5, pamoja na kufungwa kote huko. Hela za televisheni zinagawanywa sawa kwa timu zote 32, kushuka daraja hakuna, tena ukiburuza mkia unapewa chaguo la kwanza la mwaka unaofuata. Nyumbani Mtibwa Sugar walikuwa mabingwa 1999, mwaka ule ule Browns walioanza upya, na 2000 tena, lakini walipoharibu 2024 wakashuka kama timu nyingine yoyote, ikabidi wapambane huko chini ndo wapande.

Na shabiki wa huku hana pa kusemea. 1995 mmiliki wa wakati huo Art Modell alitangaza tu anaihamishia timu Baltimore na ikaondoka kweli, ndo maana nasema tangu 1999, ile miaka mitatu katikati mji haukuwa na timu. Hao waliohama wakaitwa Ravens, wameshabeba Super Bowl mbili. Hivi kuna tajiri gani anaweza kuamka akaitoa Yanga Jangwani akaipeleka mkoa mwingine? Wanachama wangelala barabarani. Saa hizi Haslam anatoka uwanja wa ufukweni anajenga mpya Brook Park, na serikali ya jimbo imemtengea dola milioni 600 kutoka kwenye pesa za wananchi ambazo wenyewe hawajazidai.

Kwahiyo mnaponiambia tuige wenzetu, mimi nasema viwanja tuige, vituo vya vijana tuige, matibabu ya wachezaji tuige haraka sana maana huko tunaumia. Ila hili la mtu mmoja kushika timu yote hapana. Kanuni yetu inasema mwekezaji asizidi asilimia 49, wanachama wabaki na 51, na nasikia kuna watu wanaona hizo 51 zinachelewesha maendeleo. Nawaomba wanachama wa Simba na Yanga, siku mtu akija na hoja hiyo mkutanoni, hata awe na hela kiasi gani, muulizeni timu ikifanya vibaya miaka kumi mfululizo yeye atapoteza nini, na akishindwa kuwajibu msipige hiyo kura.