Mwacheni Maiti Ndani ya Nyumba

Tamthilia ya kuchekesha ikishapelekwa kwenye sinema, kuna hukumu moja ambayo wahakiki hawachoki kuitoa: hii si filamu, ni tamthilia iliyopigwa picha. Wanamaanisha kwamba mwongozaji amekuwa mvivu. Amewafungia waigizaji sebuleni, amesimamisha kamera pembeni, akasahau kwamba sinema ina barabara, ina anga na ina treni. Kwa tamthilia nyingi hukumu hiyo ni ya haki. Kwa futuhi za maiti, naona wahakiki wanampiga asiye na kosa.

Nikisema futuhi za maiti nakusudia ile michezo ambayo mtu amekufa, mara nyingi kwa kuuawa, na kazi ya wahusika usiku kucha ni kumficha: kabatini, sandukuni, chini ya kiti cha dirishani. Milango inafunguka na kufungwa, polisi anabisha hodi, mgeni anakalia kifuniko. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua; humu mficha kilio ndiye tunayemwombea asiumbuliwe.

Wanaotaka kuta zivunjwe si watu wa kupuuzwa. Mwigizaji wa jukwaani anamchezea mtu aliyekaa safu ya mwisho, na sauti yake, mikono yake na macho yake vyote vimepimwa kwa umbali huo. Kamera ikimsogelea, uchangamfu unageuka kelele. Mfano ambao hutajwa kila mara ni Cary Grant, nyota wa Hollywood, katika Arsenic and Old Lace, filamu ya mwongozaji Frank Capra, jinsi alivyotoa macho na kuruka huku na huko. Grant mwenyewe hakuficha kwamba hakuipenda kazi yake humo. Kisha kuna fedha. Aliyenunua haki za mchezo uliojaza ukumbi kwa miaka anataka kumpa mtazamaji kitu ambacho ukumbi haukuweza kumpa, na huwezi kumlaumu.

Hoja yao nzito kuliko zote, hata hivyo, inatoka kwa Joe Orton. Mwandishi huyu wa Uingereza alisisitiza kwamba tamthilia yake Loot iigizwe kwa uhalisi kabisa, bila mtu kukonyezea watazamaji. Basi kama mwandishi anadai uhalisi, ni nani aliye na uhalisi kuishinda kamera?

Hapo ndipo ninapoanza kuachana nao. Uhalisi alioutaka Orton ni wa watu, si wa mahali. Katika Loot vijana wawili, Hal na Dennis, wameiba benki na kuzificha fedha ndani ya jeneza la mama yake Hal. Mama mwenyewe ametolewa na kusimamishwa kabatini, kichwa chini. Juu ya hayo yote watu wanazungumza kwa adabu ya ofisini, kama wanaojadili risiti iliyopotea. Adabu hiyo lazima tuiamini, la sivyo mchezo mzima unabaki kuwa utundu wa watoto. Lakini hatuhitaji kuiona benki. Jukwaani wizi unatufikia kama habari tu. Kilichopo mbele yetu ni jeneza, kabati, na mume aliyefiwa ambaye hajui lolote. Filamu ya 1970 iliyoongozwa na Silvio Narizzano ikaona ni lazima tuuone wizi wenyewe. Tukishauona, Hal na Dennis wanakuwa wezi wa sinema kama wezi wengine wa sinema, na jeneza linakuwa begi la kubebea fedha.

Kuna jambo dogo la historia linalonisaidia hapa. Hadi 1968 michezo ya jukwaani nchini Uingereza ilipitia kwa mkaguzi, afisa wa ikulu ya kifalme aliyeitwa Lord Chamberlain. Aliporuhusu Loot alitoa sharti kwamba maiti isiigizwe na mtu, iwe sanamu tu. Alidhani anapunguza makali. Kwa maoni yangu alimfanyia Orton hisani. Sanamu linaweza kubebwa, kuviringishwa na kuvuliwa nguo, na ukumbi wote ukacheka, kwa sababu kila mmoja anajua ni sanamu na kila mmoja amekubali kuliita mama. Makubaliano hayo kamera haiyajui. Ikiona sanamu inatuonyesha sanamu, na ikiona mtu aliyelala inatuonyesha ngozi, kucha na nywele, tukaanza kumhurumia.

Peter Shaffer, mwandishi mwingine wa Uingereza, alijenga futuhi nzima juu ya makubaliano ya namna hiyo. Katika Black Comedy ya 1965 umeme unapokatika ndipo taa za jukwaa zinawaka, nasi tunawaona watu wakipapasa gizani ndani ya mwanga mkali. Ukumbini dakika moja inatosha mtu kuizoea sheria hiyo. Sijui ni mwongozaji gani angethubutu kuipeleka kwenye sinema bila kuonekana amekosea mitambo.

Ufundi wenyewe nao unastahili kuangaliwa, maana wengi wanaosema "tamthilia iliyopigwa picha" hawaugusi. Kicheko cha futuhi hizi kinatoka katika kuona vitu viwili kwa pamoja: aliyemo ndani ya sanduku na aliyelikalia, mlango wa kushoto unaofungwa na wa kulia unaofunguka. Jukwaani jicho langu ndilo linalochagua, na furaha iko katika kuchagua huko. Namwangalia polisi huku nikijua kwamba mkono wa maiti umetokeza nyuma yake. Mhariri wa filamu akikata kutoka kwa polisi kwenda kwenye mkono amenichagulia. Ameniambia cheka sasa. Kwa hiyo picha pana, ile inayowaweka wanne au watano ndani ya fremu moja na kuwaacha wahangaike, ndiyo silaha ya mwongozaji anayeielewa kazi hii. Uvivu haumo.

Mwongozaji wa Hollywood Howard Hawks aliielewa. Tamthilia ya Ben Hecht na Charles MacArthur, The Front Page, ilianza Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, mwaka 1928. Ni futuhi kali kuliko inavyokumbukwa: waandishi wa habari wa Chicago wamekaa wakisubiri mtu anyongwe alfajiri, na mtu huyo anatoroka na kuishia ndani ya meza ya chumba chao. Mwaka 1940 Hawks aliitoa kama His Girl Friday. Alithubutu kufanya badiliko kubwa kuliko mengi ninayoyalalamikia: Hildy Johnson, ambaye alikuwa mwanamume, akawa mwanamke, tena mtalaka wa mhariri wake. Aliwafanya waigizaji wazungumze mmoja juu ya mwingine hadi sikio likose pa kupumzikia. Lakini meza hakuigusa. Sehemu ya mwisho ya filamu, karibu yote, imo katika chumba kilekile, na mwanamke aliyemhurumia mfungwa anapojirusha dirishani habari yake inapita upesi kwa sababu kuna simu za kupigwa. Ukatili wa mchezo umekaa hapo, katika upesi huo. Sijasikia mtu akiilalamikia filamu hii kwamba imekaa ndani mno.

Naamini chumba kilichofungwa kinafanya kazi moja zaidi, nayo ndiyo inayosahauliwa. Kinaahirisha hesabu. Ndani ya chumba hakuna mama wa marehemu, hakuna jirani anayelia, hakuna mazishi ya kweli. Kuna tatizo tu, mwili wa kilo sabini ambao lazima utoke kabla ya saa fulani. Kwa muda huo tunaruhusiwa kucheka. Ukifungua mlango na kuingiza mji mzima, mji unaingia na maswali yake. Aliyekufa alikuwa nani? Alikuwa na watoto? Nani atalipa? Na mwandishi wa filamu akishayasikia maswali hayo anaanza kutafuta majibu, na majibu ndiyo yanayoiua futuhi.

Ushahidi ninaoupenda unatoka kwa Wafaransa. Kundi la Le Splendid lilitunga Le Père Noël est une ordure kwa ajili ya jukwaa mwaka 1979: mkesha wa Krismasi mjini Paris, katika ofisi inayopokea simu za waliokata tamaa, fundi wa lifti anapigwa risasi kwa bahati mbaya. Jean-Marie Poiré akaigeuza filamu mwaka 1982 akiwa na sehemu kubwa ya waigizaji walewale. Wapinzani wangu wana haki ya kuitaja, kwa kuwa filamu hiyo inatoka nje. Fundi anakatwakatwa, anafungwa katika karatasi za zawadi na kupelekwa kwa wanyama wa bustani. Ni safari ndefu kwa mchezo wa chumbani, na inachekesha vilevile.

Lakini tazama kamera ilitoka kwa sababu gani. Ilimfuata maiti. Hakuna aliyetoka kwenda kuonyesha uzuri wa Paris wala kumtafutia marehemu mjane, na chumba ni kama kiliendelea kuwafunga hata walipokuwa barabarani. Wala fundi hapewi kosa lolote la kumstahilisha kifo. Alikuja kutengeneza lifti, basi.

Miaka 12 baadaye Hollywood iliinunua hadithi hiyo ikaifanya Mixed Nuts, ikaongozwa na Nora Ephron, mwandishi hodari wa vichekesho vya mapenzi, akiwa na Steve Martin mbele. Ofisi ikahamia ufukweni California. Watu wengi wakaongezwa. Na yule aliyeuawa kwa bahati mbaya? Anagundulika mwishoni kwamba alikuwa muuaji aliyekuwa akitafutwa na mji mzima. Kwa hiyo aliyemuua hana lawama, anastahili hata shukrani! Filamu ilianguka sokoni, na wengi walisema chanzo ni kelele nyingi. Mimi nasema ilianguka pale maiti alipopewa hatia. Futuhi hii ilikuwa inatuuliza tunacheka nini. Mixed Nuts ikatujibu kwamba tusijali, alistahili.

Haitoshi kukaa ndani, lakini. Capra alikaa ndani, na bado mlango ulifunguliwa na mtu mwingine. Tamthilia aliyoitumia, Arsenic and Old Lace ya Joseph Kesselring, ilianza Broadway Januari 1941 na kuchezwa mara 1,444. Namba hiyo hutajwa kama kombe, ikaachwa hapo. Mimi hainitoki. Filamu ilipigwa mwishoni mwa 1941 lakini mkataba ulizuia isitoke hadi mchezo ufungwe, kwa hiyo ikakaa kabatini hadi 1944. Maana yake, Capra hakupata mchezo uliokwisha kupikwa mara 1,444. Broadway kwa kawaida huwa na maonyesho manane kwa wiki. Tangu Januari hadi Oktoba ni takriban 300. Hayo 300 ndiyo waliyoingia nayo studio Josephine Hull na Jean Adair, wale mashangazi wawili watamu wanaowapa wazee wapweke divai yenye sumu kwa nia njema kabisa, pamoja na John Alexander, mpwa wao anayejiona Rais Theodore Roosevelt. Waliazimwa kutoka jukwaani huku mchezo ukiendelea.

Itazame filamu ukiwa na namba hiyo kichwani. Mashangazi hawapazi sauti hata kidogo. Wanaijua kila pumzi ya watazamaji, wanajua sentensi ipi iachwe idondoke na ipi isukumwe, na wameshapunguza kila kisichohitajika kwa sababu watu mamia kwa mamia waliwaonyesha kila usiku kipi hakichekeshi. Anayepiga kelele ni Grant, nyota wa sinema ambaye hakuwa na hata usiku mmoja wa mchezo huo mwilini. Wahakiki wanaonyoosha kidole kwa Grant na kusema "ona, jukwaa limeingia kwenye filamu" wamegeuza mambo juu chini. Waliotoka jukwaani ndio watulivu.

Filamu ilipoteza pia, sikatai. Jukwaani Jonathan, mpwa muuaji, aliigizwa na Boris Karloff, naye anakasirika kila akiambiwa anafanana na Boris Karloff. Karloff alibaki Broadway. Raymond Massey akapakwa vipodozi na mzaha ukabaki nusu. Lililo kubwa zaidi ni mwisho. Katika tamthilia mashangazi wana maiti 12 na Jonathan ana 12, na pazia linakaribia kushuka huku wakimmiminia divai Bwana Witherspoon, mkuu wa nyumba ya wagonjwa wa akili aliyekuja kuwachukua. Wa kumi na tatu. Kwenye filamu Witherspoon anaondoka salama. Kanuni za maadili za Hollywood, zilizokuwa zikisimamiwa kwa ukali tangu 1934, hazikuruhusu uhalifu uonekane umefaulu. Hesabu iliyoahirishwa saa mbili nzima ikalipwa dakika ya mwisho, hata bila kamera kuondoka nyumbani.

Ndiyo maana siwezi kusema kwamba kuta peke yake zinaokoa. Lakini kuta si kosa pia. Mwongozaji wa Kifaransa François Ozon mwaka 2002 aliifunga 8 femmes, kutoka tamthilia ya Robert Thomas, ndani ya nyumba iliyozingirwa na theluji inayoonekana wazi kuwa ya bandia, mume amelala chumbani na kisu mgongoni, na wanawake wanane wakiimba mmoja baada ya mwingine. Hakuiomba radhi sinema kwa kuwa ya kijukwaa. Ilipendwa.

Kama ningekuwa natia saini bajeti ya filamu ya namna hii, fungu la kwanza ningelikata ni lile la kupiga picha nje, na ningelihamishia kwenye mazoezi mbele ya watu. Ndugu wa Marx, wachekeshaji wa Marekani, walifanya hivyo kabla ya A Night at the Opera ya 1935: walizunguka kwenye kumbi za maonyesho wakiigiza jukwaani vipande vya filamu hiyo, wakapima vicheko, kisha ndipo wakaenda kupiga picha, wakijua wapi waache nafasi watu wacheke na wapi waendelee. Grant hakupewa nafasi hiyo. Hull na Adair walikuwa nayo takriban mara 300.